Hodi ya Arobaini na Moja

Jina la Bi Hodi alipewa kazini, na aliyempa alikuwa mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ziwa moja. Wote wawili walifanya kazi katika ofisi ya vyumba vitatu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi za nyumba. Harufu ya rangi ilipanda ngazi kila asubuhi pamoja na wafanyakazi, ikakaa nao hadi jioni. Kaka mtu alijenga programu. Dada mtu alizipima. Kazi iliyowapa sifa ilikuwa huduma moja ya hospitali, ambayo iliwaarifu wagonjwa kwa ujumbe wa simu kwamba majibu ya vipimo vyao yako tayari.

Huduma za aina hiyo hukaa nyuma ya tovuti, mahali ambapo mtumiaji haoni, na kazi yake ni kupokea maombi na kuyajibu. Kwa kawaida hujengwa zikiwa na sehemu iitwayo kidhibiti. Kidhibiti ni mfano wa karani wa mapokezi: kila ombi litokalo nje hufikia kwake, naye hulisoma, huamua liende kwa nani, kisha hurudisha jibu. Kaka mtu hakumtaka karani huyo.

“Karani wa mapokezi akizoea kiti ananenepa, dada,” alisema. “Leo anapokea wageni tu. Kesho anajua siri za nyumba nzima. Keshokutwa hakuna kinachosogea bila yeye.”

Akaijenga huduma bila kidhibiti hata kimoja. Kila aina ya ombi aliipa mtumishi wake, kipande kidogo cha programu chenye kujua jambo moja tu. Alikuwapo mtumishi wa kuandikisha mgonjwa, wa kubadilisha miadi, wa kutuma taarifa ya majibu. Ombi lilikwenda moja kwa moja kwa mtumishi wake, na mtumishi alijibu mwenyewe: “sawa”, au “nimekataa”, pamoja na sababu.

Dada mtu aliupenda mpango huo, kwa kuwa ulimwezesha kumwita kila mtumishi pembeni na kumhoji peke yake, bila kuiwasha huduma nzima. Alimpa ombi mkononi, akampa hifadhidata ya bandia na mtuma-ujumbe wa bandia asiyetuma chochote ila kuandika alichoagizwa, kisha akatazama mtumishi anajibu nini. Kila jaribio alilipa jina lenye kuanza na neno hodi: hodi ya miadi mpya, hodi ya mgonjwa asiyejulikana, hodi ya tarehe iliyopita. Yalipofika arobaini, mdogo wake aliyasoma yote kwenye skrini akacheka mpaka akafuta macho.

“Huyu si mpimaji, huyu ni mgeni asiyechoka! Bi Hodi!”

Jina likaganda. Hata muuza rangi wa chini hakumjua kwa jingine.

Wakati wa mambo haya tunayoyasimulia, mdogo wake alikuwa amekwisha kufariki miaka minne, na Bi Hodi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila asubuhi, kabla ya kuvua mkoba begani, aliyaendesha majaribio yote. Mistari arobaini ya kijani ilishuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, kisha wa mwisho ulitokea kwa rangi ya manjano:

hodi ya fundi cherehani: imerukwa.

Jaribio la manjano ni lile ambalo mwandishi wake ameiagiza kompyuta ilipite bila kuligusa. Hilo la arobaini na moja hakuliandika Bi Hodi. Mdogo wake ndiye aliyeliweka, katika wiki yake ya mwisho kazini. Lilikuwa jina tupu, halina kitu ndani, na juu yake aliacha maneno manne: “Dada, huyu ni wako.”

Kwa miaka sita hakulijaza wala hakulifuta. Siku moja alinunua utepe wa karatasi kule dukani chini, ule wanaoutumia wapaka rangi kukinga vioo, akaubandika ukingoni mwa skrini ili mstari huo usionekane. Wenzake walidhani skrini imepata ufa. Hata hivyo manjano yalichungulia juu ya utepe, membamba kama uzi, na jicho lake lilikwenda hapo kabla ya kwenda kwingine.

Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa mwanamke mwenye cherehani ya kukanyaga, katika chumba cha mbele ya nyumba yake, mtaa wa tatu kutoka ofisini, na nguo zote za Bi Hodi alizishona yeye. “Simama wima,” alizoea kumwambia, pini zikiwa mdomoni. “Ukijipinda hivyo upindo nao utapinda, halafu utasema fundi hajui kazi.” Miaka sita nyuma alipimwa hospitalini, akaambiwa asubiri ujumbe. Ujumbe haukuja. Aliporudi mwenyewe, miezi mitatu baadaye, ugonjwa ulikuwa umemtangulia mbali sana. Baada ya mazishi binti yake alimrudishia Bi Hodi gauni la buluu alilokuwa amelipeleka, upindo wake umefungwa kwa pini tu. “Mama hakumaliza,” alisema yule binti, akaondoka.

Hospitali iliandika barua. Daftari lao lilionyesha kuwa mgonjwa amearifiwa. Je, aliarifiwa na nani? Mkurugenzi wa ofisi aliwaita wote mezani, akaisoma kwa sauti. Kabla Bi Hodi hajafungua kinywa, mdogo wake alisimama.

“Kosa ni langu,” alisema, akaketi.

Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Baada ya miaka miwili, homa ya mapafu ilimlaza na haikumwinua. Siku ya mwisho wodini dada yake alitaka kumuuliza, “Ulimrekebisha yule mtumishi wa taarifa?” Badala yake alimuuliza kama anataka maji.

Maana Bi Hodi alijua. Alijua tangu mchana ule ule wa barua. Katika majaribio yake yote arobaini alimtumia mgonjwa mmoja wa mfano, na mgonjwa huyo alikuwa mkamilifu: ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa, ana namba ya simu, na ana ndugu wa karibu mwenye namba yake. Namba ya simu aliyompa ilikuwa ya kwake mwenyewe, Bi Hodi. Hata siku ya kukabidhi kazi, walipojaribu kutuma ujumbe wa kweli, uliingia kwenye simu yake: “Majibu yako yako tayari. Tafadhali fika hospitalini.” Akaonyesha watu wote, wakapiga makofi, akatia saini kwamba huduma imepimwa. Lakini fundi cherehani hakuwa na simu. Katika fomu yake palikuwa na namba moja tu, ya binti yake, chini ya ndugu wa karibu. Mtumishi alipoikosa namba ya mgonjwa alimaliza kazi kimyakimya, akajibu “sawa”. Na kwa kuwa hapakuwa na karani wa mapokezi wa kumuuliza, “Sawa ya nini?”, jibu lilikwenda hospitalini kama lilivyo.

Ile simu ya zamani aliihifadhi kwenye droo ya ofisini. Mara mojamoja aliiwasha, akausoma ule ujumbe, akaizima. Na mchana, mtaa ulipotulia na madirisha yakiwa wazi, alisikia cherehani ikikanyagwa mahali fulani: taratibu, kasi, kisha kimya, kama mtu aliyesimama kuondoa pini. Mtaani zilikuwapo cherehani nyingi. Alijiambia hivyo kila mara.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, aliingia mtaalamu mmoja mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kuhamisha programu kutoka mashine za zamani kwenda mpya. Ofisi nzima ilimwita Mhamishaji. Huduma ya hospitali ilikuwa zamu yake kuhama, na mwisho ulikuwa kesho yake adhuhuri. Aliinama nyuma ya kiti cha Bi Hodi, akaubandua utepe kwa ukucha.

“Bi Hodi, hiki cha manjano ni cha mapambo?”

“Kiache.”

“Mashine mpya hazipokei jaribio lililorukwa. Ama kijani, ama lisiwepo. Nilifute? Ni bofyo moja tu.”

“Nimesema usiliguse.”

“Basi lijaze, dada yangu. Unaniambia utalijaza tangu nilipokuwa na nywele.”

Bi Hodi hakucheka. Mhamishaji alilitazama lile jina, akasoma na yale maneno manne ya juu, uso wake ukabadilika. Alikuwa amefanya kazi na marehemu.

“Unaogopa nini?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kama hakumrekebisha,” alisema Bi Hodi, “basi kwa miaka sita wapo wengine. Nao wanasubiri. Na mimi nimekaa hapa nikiwafunika kwa utepe.”

Mhamishaji alivuta kiti, akaketi kando yake.

Bi Hodi akaandika. Alitengeneza mgonjwa mpya wa mfano, asiyekuwa na namba ya simu, mwenye ndugu mmoja wa karibu. Alimpa mtumishi ombi la kuarifu. Aliandika anachokitarajia: ujumbe mmoja uende kwa ndugu. Yote hayo hayakufika mistari kumi. Miaka sita, mistari kumi. Aliondoa agizo la kuruka, akaendesha.

Kijani.

“Alimrekebisha!” Mhamishaji alipiga paja. “Mungu amrehemu. Hongera, mama. Tuhame.”

Bi Hodi hakuondoka kitini. Alikuwa na desturi moja ambayo mdogo wake aliizoea na wengine iliwachosha: jaribio ambalo hajaliona likishindwa hakuliamini. Alimfungua mtumishi mwenyewe. Ndani aliikuta mistari minne ya mkono wa marehemu, iliyoandikwa siku tatu kabla ya kuacha kazi. Aliitambua jinsi mtu anavyoitambua hatua ya nduguye ngazini, kwa vile alivyozoea kuacha nafasi mbili baada ya kila mkato. Akaifuta kwa muda, akaendesha tena.

Jekundu. Kilichotarajiwa: ujumbe mmoja. Kilichopatikana: hakuna ujumbe. Jibu la mtumishi: sawa.

Hapo aliona kile alichokiona mdogo wake, peke yake, siku ile. Ile “sawa” ilikaa kwenye skrini bila haya. Alihisi kuna mtu nyuma ya bega lake, akageuka. Kilikuwapo kiti cha zamani cha mdogo wake tu, chenye mkono uliochakaa upande wa kulia. Akairudisha ile mistari minne. Kijani.

“Sasa tuhame?” aliuliza Mhamishaji, lakini kwa upole.

“Alimtengenezea njia fundi cherehani,” alisema Bi Hodi polepole. “Fundi alikuwa na binti. Asiye na binti je?”

“Asiye na namba wala ndugu?”

“Ndiyo.”

Aliandika hodi ya arobaini na mbili: mgonjwa asiye na namba yoyote. Alitarajia mtumishi akatae waziwazi, ili karani wa hospitali aone kwamba huyu hajaarifiwa na amtafute kwa njia nyingine. Akaendesha.

Jekundu. Jibu la mtumishi: sawa.

Mhamishaji alivua miwani. “Hii ni nakala iliyo kwenye mashine yako hapa,” alisema, kama anayeomba. “Siyo ile iliyoko hospitalini.”

“Ni ile ile. Inajibu sasa hivi tunavyozungumza.”

Waliitafuta orodha ya walioandikwa kuwa wamearifiwa ilhali hawana namba. Katika miaka sita walikuwa kumi na mmoja. Bi Hodi alipiga simu masjala ya hospitali, na mama mmoja akapokea.

“Majalada kumi na moja? Leo?” alisema mama wa masjala. “Nyie mnadhani huku tunacheza bao?”

“Mama yangu, hao sisi tuliwaambia kwamba wamearifiwa. Hakuna aliyewaarifu.”

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikisukumwa nyuma. “Nisomee namba za majalada. Moja moja, usikimbie.”

Walipokuwa wakisubiri, alimrekebisha mtumishi: asipopata namba, akatae na kusema sababu. Hodi ya arobaini na mbili ikawa kijani. Saa tisa mama wa masjala alipiga. Wanane walikuja wenyewe wakaulizia, majibu yao wanayo. Wawili wana anwani kamili, mhudumu wa afya atakwenda kesho asubuhi. Wa kumi na mmoja alipimwa miaka minne iliyopita.

“Huyo jalada lake lina jina moja tu,” alisema mama wa masjala, “na mahali pa anwani wameandika ‘karibu na daraja’. Madaraja yako mangapi? Sijui nikwambie nini, mwanangu.”

“Majibu yake yanasemaje?”

“Hayo siwezi kukusomea kwenye simu,” alijibu, na namna alivyojibu ilitosha.

Bi Hodi aliliandika lile jina moja kwenye kipande cha utepe wa karatasi, akakibandika ndani ya kava la daftari lake. Kisha akaenda kwa mkurugenzi. Alisimama mbele ya meza.

“Kosa lile halikuwa la mdogo wangu peke yake,” alisema. “Mtumishi alimjenga yeye, lakini mimi ndiye niliyetia saini kwamba amepimwa. Nilimpima kwa mgonjwa asiyepungukiwa na kitu. Yeye aliliona hilo, akalinyamazia. Na leo tumekuta wengine kumi na mmoja.”

Alimweleza yote. Mkurugenzi alisikiliza akiishika kalamu bila kuandika.

“Kwa nini hukusema siku ile?”

“Alisimama kabla yangu. Baadaye ikawa rahisi kukaa.”

“Kaa sasa, dada, tuongee vizuri.”

“Nimekaa miaka sita, mzee. Jibu letu la ile barua lina jina lake. Naomba liandikwe na langu. Na habari za hawa kumi na mmoja ziende hospitalini kwa maandishi, leo, kabla hatujahama.”

Mkurugenzi akamwita Mhamishaji waiandike barua hiyo pamoja.

Jua lilikuwa bado juu Bi Hodi alipofika nyumbani. Alilitoa gauni la buluu kabatini, pini zikiwa mahali pake, baadhi zimeshika kutu na kuacha alama ndogo za kahawia. Akalikunja kwa uangalifu, akatoka nalo. Mtaa wa tatu aliuingia kwa upande wa nyumba ya fundi. Kwa miaka sita alikuwa akipita upande wa pili.

“Hodi,” alisema mlangoni.

Cherehani ilisimama. “Karibu,” alisema binti wa fundi. Alikuwa sasa mwanamke mtu mzima, mwenye utepe wa kupimia shingoni. “Nilitegemea utahama mji.”

“Nipo. Huwa napita ng’ambo.”

“Najua. Nakuona.”

Bi Hodi alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kupunguza. Binti hakumkatiza.

“Kwa hiyo namba yangu ilikuwamo,” alisema binti.

“Ilikuwamo.”

“Simu ilikuwa hapa, juu ya meza hii. Kila siku ananiuliza, ‘Hospitali hawajapiga?’ Namwambia bado, mama. Anasema, ‘Itazame vizuri, labda umeizima.’” Alilainisha kitambaa kwa kiganja ingawa hakikuwa na kunyanzi. “Kaka yako alikuja hapa, unajua? Aliniambia kosa ni lake. Nilimfukuza kama mbwa. Alirudi mara mbili.”

“Sikujua kama alikuja.”

“Alirudi mara mbili,” alirudia binti. “Mara ya pili hakusema kitu, alisimama pale pale uliposimama wewe.” Akaushika utepe wa kupimia shingoni. “Sina cha kukwambia, mama. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nimesema uongo. Labda kesho, labda nisiseme kabisa.”

“Sikuja kuomba hilo. Nimekuja ujue.”

“Na hilo gauni?”

Bi Hodi alimpa. Binti alilifunua mapajani, akazigusa pini kwa ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, akaacha.

“Huu upindo alikuwa akiushona kwa mkono,” alisema. “Mashine itauonyesha kwa nje, na mimi mkono huo sina.” Alifungua bati la sindano, akatunga uzi wa buluu, akamnyoshea. “Kaa hapo mlangoni penye mwanga, umalize mwenyewe. Pini uniachie, ni za mama.”

Bi Hodi alikaa kwenye kigoda. Alishona kama alivyofanya kila kazi, mshono mfupi baada ya mshono mfupi, akiinua uzi mmoja tu wa kitambaa ili usionekane kwa nje. Kila alipoifikia pini aliichomoa, akaiweka ndani ya bati. Nyuma yake cherehani ilianza tena, taratibu, kasi, kisha kimya. Na kila iliponyamaza alisubiri, mpaka ianze, ndipo akaendelea. Aliuzungusha upindo wote hadi akarudi pale alipoanzia. Akafunga fundo, akarudia fundo la pili juu yake, akaupeleka uzi mdomoni kuukata.

“Tumia mkasi,” alisema binti bila kuinua kichwa. “Mama alikuwa hataki meno kwenye uzi wake.”

Akauchukua mkasi, akaukata.